Boksibodi ya Mwalimu na Harusi ya Kangema

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alinijia na ile gari yake ya familia, ile ya mlango wa kuvuta kando, akilia ati inamaliza petroli kabla hajafika mahali. Mafundi wamemwambia aiuze tu, imezeeka. Nikachukua fimbo yangu nikaizunguka. Juu ya paa kulikuwa na keria tupu, imekaa huko tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nyuma kulikuwa na jeki mbili, jiko la makaa na nusu gunia ya simiti iliyoganda ikawa jiwe. Tairi zilikuwa zimelegea mpaka aibu. Nikamwambia, "Gari haina ugonjwa. Ugonjwa ni wewe." Akacheka, akadhani ni utani wa mzee.

Haya, vijana, kaeni niwaambie. Mimi nimeshika spana na usukani hapa Nyeri tangu nikiwa na ndevu za kuhesabika, na kazi nilijifunzia miaka mibaya, ile ya Emajensi. Vitabu vinaiita Hali ya Hatari. Jua likizama ni kafyu, uwe ndani. Sisi Wagikuyu hatukutoka wilaya moja kwenda nyingine bila ruhusa ya mkubwa. Watu wa mashambani walivunjiwa nyumba wakakusanywa kwenye vijiji vilivyozungushiwa handaki na miiba. Na petroli ilipimwa. Kila gari lilipata kipimo chake cha wiki, na kubeba akiba kwenye debe ilikuwa ni kujitafutia kamba, maana ungeulizwa unampelekea mpiganaji gani msituni. Kwa hiyo mkiniambia kubana petroli ni mambo ya siku hizi, mimi nawaangalia tu.

Gari nililoendesha lilikuwa la Mwalimu Andayi, mwalimu mkuu wa shule ya misheni, mtu wa Maragoli, mpole, mwenye watoto saba. Mzungu mmoja wa misheni aliporudi kwao alimwachia boksibodi: mbele ni gari dogo, nyuma ni sanduku la mbao lenye madirisha na viti. Lilikuwa zee hata wakati huo. Jumapili lilibeba watoto wote, mama yao, ngoma za kanisani na mtu yeyote aliyesimama njiani akiwa na Biblia. Mimi nilikuwa dereva, tena mwosha gari, tena mkata majani ya shule.

Sasa, magari ya zamani yalikuwa na choki, kishikio cha kuvuta kwa mkono pale mbele ya dereva. Asubuhi ya baridi yetu ya Nyeri unaivuta, injini inapewa petroli nyingi ili iamke. Ikishaamka, unairudisha ndani. Boksibodi letu likaanza kunywa ajabu, moshi mweusi nyuma, plagi zimejaa masizi. Nikasafisha plagi. Zikajaa tena. Nikafungua kabureta, nikaifunga, nikabaki na skrubu moja mkononi isiyojulikana kwao ni wapi. Mwisho nikaenda kwa fundi Mutua.

Huyu Mutua ndiye aliyenifanya mtu. Alikuwa Mkamba wa Machakos, umakanika aliupata jeshini wakati wa vita vya Burma, na gereji yake ilikuwa mabati machache nyuma ya maduka mjini. Hakuchukua spana hata moja. Alisema, "Wacha hiyo boneti. Twende tu, kila mtu akae mahali yake ya kila siku." Mama Esta, mkewe Mwalimu, akakaa mbele kando yangu, tukaenda naye sokoni. Wakati wa kurudi, Mutua akainama kutoka nyuma akauliza kwa adabu sana, "Mama, hii kikapu yako huwa unaiweka hapo siku zote?"

Kikapu kilikuwa kimening'inia kwenye choki. Kimejaa viazi! Kila alivyonunua zaidi, ndivyo choki ilivyovutika, na injini ikaendelea kunyweshwa kama ndiyo kwanza imeamka. Mama Esta akasema, "Sasa ningetundika wapi? Hii gari yote iko na msumari moja tu." Tulicheka mpaka nikasimamisha gari. Mutua akapigilia msumari wa kweli kwenye mbao, na siku hiyo akanipa somo la kwanza: kabla hujafungua injini, angalia watu waliomo ndani. Ninyi leo mna nini kimetundikwa wapi, sijui, lakini nendeni mkaangalie.

Somo la pili nilijitafutia mwenyewe. Niliona kabureta iko na skrubu ya kupunguza petroli, nikajiambia, kumbe ni rahisi hivi! Nikaikaza. Kweli gari likanywa kidogo, siku moja. Siku ya pili likapanda kilima cha Wamagana likikohoa, likachemka, likasimama katikati ya barabara, nami nikarudi kwa Mutua kwa miguu. Aliponisikiliza alijishika tumbo. "Umemnyima mtoto maziwa ndio asikojoe?" Injini, vijana, mpe haki yake. Pa kubana ni kwingine.

Kwingine ni wapi? Nitawaambia kwa kuwapeleka kwenye harusi yangu, maana ndiko nilikolipa karo yote ya ufundi.

Nyambura alikuwa msichana wa Kangema aliyesomea ushonaji kwenye misheni yetu. Emajensi ilipokuja aliitwa kwao, akafungiwa kijijini pamoja na mama yake, na baba yake akapelekwa kizuizini. Nilimpenda Nyambura, sina njia nyingine ya kusema. Tuliomba ruhusa ya kuoana muda mrefu tukinyimwa, mpaka Mwalimu mwenyewe akaenda kunisemea kwa bwana D.O., mkubwa wa serikali wa eneo letu. Tukapewa siku moja. Tufunge ndoa kanisani Kangema asubuhi, na kafyu itukute tumeshafika Nyeri, mimi na bibi arusi. Kafyu ikitukuta njiani, mimi kizuizini, Nyambura arudishwe kwao, na ruhusa nyingine tusiiote.

Mwalimu akanipa boksibodi na kipimo chake chote cha wiki. Lakini mimi nililijua gari langu. Kipimo hicho kingetufikisha Kangema. Kurudi, hapana. Na njiani hapakuwa na pampu iliyoruhusiwa kutuuzia hata kikombe.

Nilimwendea Mutua nikiwa nimekufa moyo. Akanitazama, akasema, "Petroli haimalizwi na injini. Inamalizwa na mguu wa dereva na uvivu wa mwenye gari. Lete hiyo kitu hapa."

Tukaliinua gari kwa jeki, gurudumu moja moja, akaniambia nizungushe kwa mkono. Mawili yalizunguka vizuri. La tatu likagoma nusu njia. Kumbe breki ilikuwa inashika kidogo kidogo bila mtu kukanyaga, na injini yetu ilikuwa inavuta breki siku zote kwenda na kurudi! Tukailegeza. Fanyeni hivyo kwenye gari zenu, hamtaamini. Kisha chujio la hewa: lilikuwa na vumbi la kupandia viazi. Tukaliosha. Plagi tukazipima upya nafasi zake. Tairi tukazitia upepo mpaka zikalia ngumu ukizigonga. Tukatoa keria ya juu, tukang'oa viti vya nyuma tukabakisha benchi moja, tukatoa minyororo, mawe ya kuzuia gurudumu, na Biblia kumi na moja za watu waliosahau. Nikataka kutoa na stepni, lile gurudumu la akiba. Mutua akanipiga kofi la mkono. "Kubana petroli si kujitia ujinga. Ukipata pancha utamfunga bibi arusi mahali pa gurudumu?"

Halafu mguu wangu. Jioni zote kabla ya kafyu, kwenye safari zile zile za kazi za shule, alinikalisha kwenye usukani, akaweka bakuli la maji juu ya dashibodi, akaniambia niendeshe bila kumwaga. Nilimwaga sana. Nililowa suruali mpaka Mama Esta akaniuliza kama niko mgonjwa. Lakini nikajifunza: usiondoke kwa fujo, usikimbilie mahali utakaposhika breki, ona kilima kikiwa bado mbali ukakichukue na mwendo ulio nao. Maana breki, vijana, ni petroli uliyokwishachoma ukaitupa njiani. Na haba na haba hujaza kibaba, lakini pia tone na tone humaliza tangi.

Kutoka Nyeri kupitia Othaya mpaka Kangema ni migongo na mabonde, kila bonde na mto wake. Mutua akanifundisha kuzima injini juu ya kilima na kuliacha gari lishuke lenyewe mpaka darajani. Ninyi msiniige! Magari yenu ukizima injini breki zinakuwa ngumu na usukani unaweza kujifunga, mtakuja kunizikia mjukuu. Na ya kisasa hayahitaji hayo: teremka ukiwa kwenye gia, toa mguu kwenye mafuta, lenyewe linajikatia petroli. Lakini letu halikuwa na akili hiyo, akili ilibidi tuwe nayo sisi.

Asubuhi ya harusi tulikuwa watatu: mimi kwenye usukani nikiwa nimevaa suti ya Mwalimu iliyonizidi mikono, Mutua, na Mama Esta aliyekwenda kumpokea bibi arusi kwa niaba ya watu wangu. Gari lilikwenda kama limetiwa mafuta ya samli. Tulipofika Kangema Mutua akachovya kijiti kwenye tangi, akakitazama juani, akatabasamu. Zaidi ya nusu imebaki. Nikamkumbatia nikamchafua shati. Tukafunga ndoa, Nyambura akavaa gauni aliloshona mwenyewe, na mimi nikasahau hata petroli ni nini.

Basi tukatoka kanisani, nikaona wanawake wanakuja.

Walikuja kutoka kijijini, mstari mrefu, migongo imeinama, na kila mmoja ana mzigo. Mmoja mkungu wa ndizi, mwingine viazi vitamu, mwingine nduma, mwingine njahi, yale maharagwe meusi, kwenye kibuyu, mwingine miwa. Kila nyumba ilitoa kidogo, na kijiji kile kilikuwa na nyumba nyingi. Wakaanza kupakia. Boksibodi likaanza kukaa chini, polepole, na tabasamu la Mutua likashuka pamoja nalo.

Nilifungua mdomo nikamwambia mama mkwe, "Maitu, tunashukuru sana, lakini hii gari..." Mutua akanikanyaga mguu kwa nguvu. Tata yake Nyambura, dada ya baba yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, akajibu kwa niaba ya wote: "Mkono mtupu haulambwi. Ama kwenu Nyeri mnaulamba?" Mama mkwe hakupiga kelele. Alisema tu, "Mtoto wangu haendi kwa watu bila kitu. Watasema ametoka kwa kijiji cha njaa."

Na kijiji kilikuwa cha njaa kweli. Niliona mikono ile iliyokuwa ikipakia, mifupa mitupu. Ungekataa? Mimi sikuweza. Tukaagana kwa vigelegele na machozi, tukaondoka tairi zikilia.

Kilima cha kwanza kutoka mto Mathioya boksibodi lilipanda likiguna. Juu pale Mutua akachovya kijiti, akanionyesha. Kilima kimoja kilikuwa kimekunywa sehemu ya vilima vitatu. Akageuka nyuma. "Jamani, nasema ukweli. Ni mzigo ama ni kafyu. Hapa kuna kanisa, tuweke hivi vitu, padri atavigawa."

Nyambura alikuwa amekaa katikati ya ndizi, miwa imepita juu ya kichwa chake na kutokea dirishani. Akasema, "Kila kitu hapa najua imetoka mlango gani. Hii nduma ni ya mama ambaye mtoto wake alizikwa juzi. Mzigo haushuki. Mimi ndio nitashuka."

Akavua viatu, akainua gauni, akashuka kweli. Mama Esta akamtazama, akasema neno la Kimaragoli, akashuka naye. Mutua akafuata akinung'unika. Tukaenda hivyo: kwenye mteremko wote wanaingia garini, tunashuka injini imezimwa, upepo unapiga mbao, tukifika daraja wanaruka chini, mimi napanda peke yangu na mzigo, mguu mwepesi kama bakuli liko mbele yangu, na wao nyuma wanapanda kwa miguu. Nikiwa juu nawangoja, nawaona wanakuja, gauni jeupe limekuwa jekundu mpaka magotini kwa udongo wetu. Nilimwonea huruma, tena nilijivuna, nikajiambia, huyu ndiye mke. Yeye akifika ananiuliza tu, "Bado iko?" nami nachovya kijiti namwambia, "Bado iko kidogo."

Tukavuka mto Gura jua limeinama upande wa milima ya Nyandarua. Kilima cha mwisho. Juu yake tu, ni mteremko mpaka lango la shule. Nikakichukua na mwendo niliokuwa nao wote, boksibodi likapanda, likapanda, likapiga chafya, likanyamaza. Nikavuta breki ya mkono. Tangi lilikuwa kavu kabisa, kijiti kilitoka kama kilivyoingia.

Tulisukuma. Mutua, Mama Esta na bibi arusi, mimi nimeshika usukani kupitia dirishani na bega langu kwenye mlango. Gari lilisogea hatua, likarudi hatua. Mutua hakusema "si niliwaambia", na hilo sijalisahau. Nyambura alikuwa analia huku anasukuma. Kivuli cha kilima kilikuwa kimeshafika bondeni, na mimi niliona wazi kesho yangu iko wapi.

Kando ya barabara, chini kidogo, wanawake walikuwa wanachimba matuta, ile kazi ya lazima, na homugadi mmoja kijana, askari wa kulinda kijiji wa serikali, amesimama juu yao na bunduki. Mwanamke mzee mmoja akainua mgongo. Akakinga macho kwa mkono. "Haiya! Ni macho yangu ama bibi arusi anasukuma gari?"

Akatupa jembe. Wengine wakatupa. Homugadi akapiga filimbi, akapiga kelele warudi kazini, nao wanapanda ukingo tu. Yule mzee akamgeukia: "Piga risasi basi, kijana. Lakini kwanza kuja usukume. Wewe mama yako aliolewa kwa miguu?" Kijana akatazama huku na huku. Akatundika bunduki mgongoni, akaweka bega kando ya langu.

Vijana, sijawahi kuendesha gari lenye injini ya namna ile. Waliimba nyimbo za kumpeleka bibi arusi, zile ambazo hazikuwa zimeimbwa kwa nguvu tangu Emajensi ianze, na boksibodi likapanda kilima chote bila tone la petroli.

Juu, wakasimama, wanahema. Hakuna aliyeomba kitu. Lakini niliona macho yao yanavyopita kwenye dirisha, yanagusa ndizi, yanaondoka haraka. Nyambura naye aliona. Akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Tandazeni nguo."

"Nyambura," nikamwambia kwa sauti ndogo, "na wageni wanaotungoja?"

"Wageni ndio hawa."

Akagawa kwa mikono yake, ndizi, nduma, njahi kwa viganja, mpaka sanduku likabaki mbao. Yule mzee alipewa mkungu mzima, akaubusu kwanza kabla ya kuufunga mgongoni. Homugadi alipewa muwa, akaumenya kwa meno papo hapo kama mtoto. Mama Esta alijifuta macho kwa kitambaa cha kichwani.

Tukateremka mpaka shuleni kimya kimya, jua likiwa limebaki ukucha. Mwalimu na wageni walikuwa wamesimama langoni wakingoja kusikia ngurumo ya injini, wakashtuka kutuona tumeshasimama mbele yao. Walikula mahindi ya kuchemsha na chai isiyo na maziwa, na harusi ikawa harusi. Mutua alilala palepale kwenye benchi la gari, na viatu.

Mambo yalipotulia, kafyu ikaondolewa, mama mkwe akaja kututembelea na yule tata. Nilikuwa nimeogopa siku hiyo. Nyambura alikuwa akimimina chai. Mama yake akazungukazunguka na maneno, habari za mvua, habari za mbuzi, kisha akauliza kama mtu asiyejali sana, "Ule mzigo ulifika?"

"Ulifika, maitu," Nyambura akajibu.

"Na watu walikula?"

"Walikula. Wengine walifunga kwa nguo wakapelekea watoto nyumbani. Na waliimba."

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Uso wake ukafunguka wote, akamgeukia tata, akampiga paja. "Si nilikuambia?" akasema. "Nilikuambia hatutaaibika."